Sala ya Kufungua Mashine

Twizeyimana, ambaye mtaa mzima wa Birere ulimwita Injeniere ingawa hakuna aliyewahi kuona diploma yake, alisimama mlangoni kwa Mama Léonie, mwenye duka la kuchapa na kutuma karatasi za watu, akanusa riziki. Kompyuta ilikuwa imeganda. Kila kivinjari kilipofunguliwa, skrini ilibaki nyeupe. Kwenye benchi wanafunzi walinung'unika, maana uandikishaji wa chuo kwa intaneti ulikuwa unafungwa jioni ileile, na jirani mwenye mashine nzima alishaanza kuwapungia mkono. Wakienda hao, Mama Léonie hana duka tena.

"Mama, hii haiko virusi ya kawaida," alisema Twizeyimana kwa sauti ya matanga.

Birere hakuna anayemwachia fundi mashine yake. Unakaa naye, unakodolea macho tumbo la kompyuta mpaka lifungwe. Twizeyimana alishalipatia jambo hilo dawa, tena dawa takatifu. Alitundika koti kwenye kiti, akazima mashine, akafungua skrubu.

"Mbele ya kuigusa, mama, tuombe. Anza weye."

Wote wakafumba macho. Mama akimkemea shetani wa intaneti, Injeniere alichomoa bareti nzuri, kile kibamba chembamba cha kumbukumbu ya mashine, akachomeka nyingine ndogo, dhaifu. Ile nzuri ikaingia mfukoni mwa koti, pamoja na nyingine alizovuna wiki hiyo. Baada ya siku chache mashine ingeganda tena, naye angeitwa tena. Mungu amsamehe, ulikuwa mpango mzuri.

Ila Mama Léonie ndiye aliyehesabu sadaka kanisani kwao, na wahesabu sadaka huomba kwa jicho moja. Aliona yote. Hasira zilimpanda, lakini akipiga yowe la mwizi, nani atatengeneza mashine? Akasema "Amina" kwa upole.

Na kazi Injeniere aliijua, tusimnyime haki yake. Aliondoa kiongezo ambacho mteja fulani alikipachika kwenye kivinjari, akafuta takataka zilizorundikana, akawasha upya. Kivinjari kikafunguka. Benchi zima likashangilia.

"Aksanti, papa. Sasa weye pia ushukuru Mungu. Simama, mikono juu, macho funga!"

Angekataaje? Akasimama, akaomba. Mama akasogelea koti taratibu. Wanafunzi waliona, wakaelewa, wakapaza sauti.

"Amina! Ongeza, papa! Roho iko nashuka!"

Sifa zilimlevya Twizeyimana, akaombea hata volkano iliyo juu ya mji itulie. Kisha akavaa koti, akaondoka akipiga mluzi.

Jioni alikuwa mpakani, akienda kuuza mavuno yake Gisenyi. Askari akamwomba karte ya utambulisho. Akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha sabuni. Akatia tena, akatoa kingine. Simu ikalia.

"Papa Injeniere," alisema Mama Léonie, "banafunzi bameisha kujiandikisha, aksanti sana. Karte yako iko huku kwangu, na babareti yote. Kuya uirudishe mu mashine ya benyewe. Bale benye mashine bote uliombaka nabo hii wiki nilibaita, beko hapa kwa benchi banakungoja. Tutaomba tena, usiogope. Lakini leo hakuna mutu atafunga macho."