Kilo za Imrani

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimedhalilishwa! Tena kwenye baraza langu mwenyewe. Jirani na mtani wangu Bernardo alikuja kumalizia nyama ya Idi, binti yake Gaudensia kampakata. Akala. Akapangusa mdomo. Akamtazama mwanangu Imrani, akauliza kama mtoto huyu tunamlisha au tunamsimulia chakula. Watoto wamezaliwa mwezi mmoja, wote wana miezi tisa. Gaudensia ana mapaja yenye mikunjo kama kochi. Imrani ana mapaja tu.

Alhamisi ni kliniki. Watapimwa wote wawili, mbele za watu. Bernardo kasema tutaonana mzanini.

Tutaonana!

Jumanne, 10 Juni

Nimepika uji mzito wa karanga. Imrani kaulamba mara moja, kisha kafunga mdomo kama mlango wa ofisi ya serikali saa tisa na nusu. Nikaimba. Nikajifanya ndege. Hakufungua. Uji hautupwi, nikaunywa mimi. Nikapika mwingine. Nikaunywa na huo.

Mke wangu Hafidha kauliza ni nani hasa anayenenepeshwa.

Jumatano, 11 Juni

Bahati! Hafidha ni mwalimu, na kesho ana semina Ruangwa. Anaondoka alfajiri, anarudi jioni. Kliniki nitakwenda mimi. Kaniusia mengi: nisisahau kadi, mtoto achomwe sindano ya surua, nisibishane na manesi. Kuhusu ufuta hakuniusia kitu.

Ufuta! Tumeuvuna juzi tu shambani Marambo. Ni mzito, laini, haumchomi mtoto. Nimeshona nepi ya kitambaa yenye tabaka mbili, katikati nikajaza ufuta. Fulana nayo nimeitilia bitana ya ufuta. Nimemjaribisha Imrani. Kakaa wima kama mwenyekiti wa kijiji. Kuinama hawezi, lakini viongozi wengi hawainami.

Alhamisi, 12 Juni

Balaa.

Asubuhi kulikuwa na baridi, nesi Lusiana akaruhusu watoto wapimwe na fulana na nepi zao. Nikajua Mungu yuko upande wangu. Gaudensia akaning'inizwa: kilo tisa na nusu. Bernardo akanikonyeza. Akafuata Imrani. Mzani ukalia. Kilo kumi na mbili! Nikamkonyeza Bernardo kwa macho yote mawili.

Nesi hakupiga makofi. Akaangalia kadi: mwezi uliopita kilo nane. Akaweka alama mpya. Ikatoka nje ya sehemu ya kijani, ikapita michoro yote, ikaenda kukaa karibu na nembo ya taifa. Akamwita daktari. Daktari akambonyeza Imrani mgongoni, akahisi kitu kinatembea. Akaniuliza kwa sauti ya chini mtoto amevimba tangu lini. Akasema huenda ni figo, apelekwe hospitali ya mkoa Lindi sasa hivi, gari lipo.

Bernardo akavua kofia, akaanza kumwombea mwanangu Salamu Maria huku machozi yakimtoka. Nilipaswa kusema hapo hapo. Lakini niliwaza: Lindi si mbali sana.

Gari likawashwa. Ndipo akatokea jogoo wa mlinzi. Akamtazama Imrani kwa makini. Akaidonoa nepi. Uzi ukaachia, ufuta ukamwagikia viatu vya daktari.

"Baba, mtoto anavuja nini?" nesi akauliza.

"Ufuta, sista."

"Ufuta wa wapi?"

"Wa Marambo."

Imrani akapimwa uchi. Kilo nane na nusu, katikati kabisa ya kijani. Nesi akasema mtoto hana kasoro yoyote, isipokuwa mzazi mmoja. Sindano kachomwa akiwa mikononi mwa Bernardo, maana mimi nilikuwa nimepewa ufagio. Bernardo alimwimbia Kimakua mpaka akanyamaza. Kujionyesha tu!

Ijumaa, 13 Juni

Hafidha alirudi jana jioni. Kumbe pale stendi ya Ruangwa abiria walikuwa wakisimuliana habari za mtoto anayevuja ufuta. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Alipofika hapa kwetu Nachingwea akauliza mtoto ni wa nani.

Hajafoka. Angefoka ningejua pa kujificha. Kaniuliza jambo moja tu: kama gari lingeondoka na mwanawe, ningesema lini? Nikamjibu ningesema kabla ya Lindi. Akauliza kabla kiasi gani. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakumtua Imrani hadi mtoto alipolala.

Leo nimeapa mbele yake, mkono juu ya msahafu: sitamwongezea mtoto uzito tena kwa hila yoyote. Nimeapa kwa dhati.

Jumapili, 15 Juni

Bernardo kapitia hapa akitoka misani, na Gaudensia begani. Kaleta ndizi. Kaomba radhi kwa ule utani wa mapaja, kasema watoto ni zawadi, hawashindanishwi. Maneno yamenigusa. Nimekubali kwa moyo wote. Tumeshikana mikono kama ndugu, tukakubaliana kuwapiga watoto picha ya pamoja.

Hapo Gaudensia akacheka.

Meno manne! Imrani ana mawili. Bernardo hakusema neno. Alinyamaza kwa majivuno, nilimwona.

Niliapa kuhusu uzito. Kuhusu meno sikuapa. Korosho ni nyeupe, na inachongeka vizuri. Ni kwa ajili ya picha tu.