Chakula Bora Zaidi Nilichowahi Kula

Jumanne, 3 Februari

Mzee Pickles amestaafu. Daktari kamkataza siagi, na mhakiki wa migahawa asiyekula siagi, hapa Scarbeck, ni sawa na kasisi aliyekatazwa kuingia kanisani. Safu yake katika gazeti la Sauti ya Bonde iko wazi. Nimeitamani safu hiyo tangu nikiwa shule. Nina shahada ya uzamili katika falsafa ya maadili, na kazi yangu ni kuwajibu wenye magari wanaopinga faini za maegesho. Ninawajibu hapana. Ninawajibu kwa ufasaha mkubwa, lakini hakuna anayenisoma kwa raha.

Mhariri, Bwana Lumb, ametuita wawili: mimi na Clemency Boothroyd. Ndiyo, Clemency yule yule aliyeninyang'anya tuzo ya insha shuleni kwa kuandika kuhusu farasi wake. Kila mmoja aende mgahawani, aandike uhakiki, aulete Jumatatu ya tarehe kumi na sita. Atakayeshinda ndiye mwenye safu. Clemency kapewa Chumvi na Majivu, mgahawa mpya wa vijana wenye ndevu. Mimi nimepewa Beberu Mpole, baa ya pale darajani inayouza pai.

Bwana Lumb alisema hakuna anayenunua gazeti ili asome kwamba supu ilikuwa ya moto. Watu wanataka damu. Lakini iwe damu ya kweli, binti, akaniambia mimi, maana mawakili ni ghali. Kisichotokea hakiandikwi.

Sawa. Basi kitatokea.

Alhamisi, 5 Februari

Janga. Pai ilikuwa nzuri.

Nilikwenda nimejiandaa kuteseka. Nilikaa karibu na mlango wa choo kwa makusudi. Denise, mke wa mwenye baa, akanihamishia karibu na moto wa kuni, eti pale pabaya, kipenzi, utapigwa na baridi. Pai ya nyama na figo, ukoko unaovunjika kama barafu nyembamba ya dimbwini, viazi vya kuponda, mchuzi mzito. Nilitafuta kasoro kwa uma. Nikatafuta tena kwa mkate. Sahani ikaisha.

Denise akaja na lile swali linaloulizwa katika kila mgahawa wa nchi hii, daima mdomo ukiwa umejaa. Kila kitu sawa? Nikasema safi kabisa, asante.

Ubaya ni kwamba nilimaanisha.

Jumamosi, 7 Februari

Mbinu mpya: kufika jiko linapofungwa. Hakuna mpishi anayempenda mteja wa dakika ya mwisho.

Mwenye baa, Bwana Ormondroyd, ndiye mpishi. Ana mwili wa kabati na sauti ya njiwa. Alikuwa amekwisha kuvua aproni na kuvaa koti. Nilisimama mlangoni nikisubiri kufukuzwa. Sentensi ya kufukuzwa kwangu nilikuwa nimeshaitunga, na ilikuwa na nusukoloni. Akavua koti. Akavaa aproni. Akanikaangia mkate wa jibini na vitunguu, akakataa malipo, akasema msichana mwembamba namna hii hawezi kurudi nyumbani na njaa.

Nimerudi nimeshiba na nimechukia.

Jumapili, 8 Februari

Leo nilipeleka silaha nzito. Mama. Mama hulalamikia bei ya gesi, mahubiri ya kasisi, urefu wa ua wa jirani, na mbingu yenyewe kwa rangi yake.

Tuliagiza chakula cha Jumapili, nyama ya ng'ombe ya kuoka na pudini ya Yorkshire, andazi la mayai lililofura, kubwa kama kofia. Na hatimaye! Nyama ya Mama ilikuwa ngumu. Nilimwona akitafuna, akipumzika, akiendelea. Denise akaja na swali lake. Mama akatabasamu kama aliyealikwa harusini, akasema, "Tamu kweli, dada. Hongereni huko jikoni." Denise alipogeuka, Mama alitema ile nyama ndani ya kitambaa cha mezani cha karatasi, akaifungia kwenye mkoba wake.

Hotuba ilianza ndani ya gari. Ile haikuwa nyama, ilikuwa mkanda wa suruali. Yule ng'ombe alikufa kwa uzee, na wajukuu zake walihudhuria mazishi. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Denise. Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni. "Usoni? Watu wanakula? Wewe mtoto nilikulea mimi kweli?" Nikamwomba ruhusa ya kuandika. Akasema nikithubutu kumtaja, anahamia kwa dada yake kule Grimsby, na mimi ndiye nitakayemweleza kasisi kwa nini.

Nyama ya kwangu, kwa bahati mbaya, ilikuwa laini kabisa.

Nimetafakari sana. Mama ni mnafiki. Nchi nzima ni ya wanafiki wenye adabu, wanatema ndani ya karatasi na kusifu jikoni. Mtu mmoja lazima aanze kusema kweli. Nadhani ni mimi.

Jumatano, 11 Februari

Nimekutana na Clemency kwa muuza mikate. Akabusu hewa pande zote mbili za uso wangu. Chumvi na Majivu, akasema, yaani shoga yangu, hutaamini. Supu ilikuja ndani ya kikombe cha mwanasesere. Samaki aliletwa juu ya kigae cha paa, na njegere zikaviringika hadi meza ya hakimu mstaafu. Chipsi zilikuwa ndani ya kindoo cha watoto wa kuchezea mchanga. Alipoomba sahani, mhudumu alichuchumaa kando yake, akamshika mkono kama anayeleta habari za msiba, akamweleza kwamba sahani huua hadithi ya chakula.

Nilikuwa nimeshika mkate. Nimefika nyumbani nikakuta nimeubana ukawa bapa.

Nilimuuliza kama aliwaambia kitu. "Nani, mimi? Nilimwambia nimeguswa sana." Kisha akanipapasa bega. Pole na wewe, Hester, akasema, Beberu Mpole ni pazuri tu. Bibi yangu hupenda kwenda pale baada ya mazishi.

Jumamosi, 14 Februari

Siku ya Wapendanao. Nimekwenda Beberu Mpole kuomba meza ya mtu mmoja. Niliwaza hivi: baa imejaa, jiko limezidiwa, wapenzi wanagombana kwa kunong'ona. Leo kitaharibika kitu.

Mwanzoni ilikuwa huruma tupu. Denise kanipa waridi. Bwana wa meza ya jirani kaniambia nisikate tamaa, atatokea tu. Mkewe akampiga teke chini ya meza. Nikavumilia. Pai ilichelewa. Vizuri. Ilikuja vuguvugu. Vizuri zaidi. Katikati ilikuwa baridi, nikazidi kuchimba. Kisha uma ukagusa kitu chenye kuteleza. Nikakivuta.

Plasta. Plasta ya buluu, ile ya wapishi, iliyotiwa rangi hiyo kusudi ikidondokea chakulani ionekane. Imeonekana. Nimeiona mimi, Hester Ackroyd.

Nikainua macho, Bwana Ormondroyd amesimama mbele yangu. Alikuwa anapita kusalimia meza. Jasho linamtiririka, kidole gumba cha kushoto kina mkato mbichi na hakina kitu juu yake. Akaniuliza kwa kile kisauti chake, "Kila kitu sawa, binti yangu?"

Hapa ndipo pangu. Nilikuwa na ukweli, nilikuwa na ushahidi, nilikuwa na shahada. Nikafungua mdomo. Uma wangu, bila idhini yangu, ukaisukuma ile plasta chini ya viazi. Na mdomo ukasema, "Hiki ni chakula bora zaidi nilichowahi kula maishani mwangu."

Macho yakamjaa machozi. Alisema leo ameungua, amejikata, Denise amemwita gogo mbele ya muuza samaki, na alikuwa amekwisha kuamua kuiuza baa. Akanishika mkono kwa mkono ule ule wenye kidole kile. Akaniletea pai ya pili, zawadi ya baa.

Nikaila. Yote.

Jumatatu, 16 Februari

Ushindi. Nimeandika jana kutwa nzima bila kuchana nywele. Kichwa cha uhakiki: "Kidole Gumba cha Mpishi". Kwenye karatasi siogopi mtu. Kwenye karatasi mimi ni simba.

Bwana Lumb alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akavua miwani na kuifuta. Hii ndiyo damu, binti. Ya Clemency ni nzuri, akasema, vile vindoo vimemchekesha, lakini haina kidole. Safu ni yangu. Limebaki jambo dogo la kawaida ya magazeti: atapita kwa Ormondroyd kumpa nafasi ya kujibu.

Nilisema bila shaka. Nikapitia dukani nikanunua kofia nyeusi yenye ukingo mpana, ya mhakiki. Mama amesema nafanana na taa ya mezani.

Jumanne, 17 Februari

Mama alikuwa anapindua chapati za maji, maana leo ndiyo siku ya kuzila, kesho Kwaresima inaanza, simu ikalia. Bwana Lumb. Njoo darajani. Sasa hivi.

Nje ya Beberu Mpole upo ubao ambao Denise huandika chakula cha siku. Leo hakuna chakula cha siku. Kuna chaki nyeupe, herufi kubwa: CHAKULA BORA ZAIDI NILICHOWAHI KULA MAISHANI MWANGU. Chini yake, jina langu, la kwanza na la ukoo. Pembeni, moyo.

Bwana Lumb alikuwa chini ya mwavuli. Alisema inaonekana kuna wanaume wawili hapa Scarbeck, mmoja wao amedanganywa, na angependa kujua ni yupi. Nikamweleza. Plasta iko wapi? Iliondoka na sahani. Na kwa nini uliomba pai ya pili? Sikuomba, nililetewa. Ukaila? Nikaila. Mvua ikanyesha kidogo katikati yetu.

Nikamwambia hata Clemency aliwadanganya wale wa vigae. Akajibu uongo wa Clemency haujaandikwa kwa chaki barabarani.

Lakini si mtu mbaya. Amenipa hadi kesho saa sita mchana, gazeti linapokwenda kuchapwa. Niingie ndani, nimwambie Ormondroyd usoni kilichokuwa ndani ya pai. Nikiweza, uhakiki unatoka na jina langu, na safu ni yangu. Nikishindwa, Clemency. "Kalamu yako ina meno, binti," akasema. "Nataka kujua kama mwenyewe unayo."

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo mpaka Mama akauliza naongea na nani. Nimekiambia kioo ukweli wote, kwa utulivu, bila kupepesa. Kioo kimepokea vizuri.

Jumatano, 18 Februari

Nilivaa kofia.

Nilipoingia tu Denise akageukia jikoni akaita, "Baba wee, amekuja!" Baa imejaa. Imejaa siku ya Jumatano ya Majivu. Meza ya karibu na moto haina mtu, imewekewa ua. Kwenye orodha ya vyakula, juu kabisa, kuna mstari mpya: Pai ya Hester.

Bwana Ormondroyd alitoka akifuta mikono, kidole gumba kimefungwa plasta mpya, buluu, na glavu juu yake. Alisema watu wanatoka hata bonde la pili. Wanasoma ubao, wanasema huyu Hester si yule mkorofi wa maegesho? Kama yule ameridhika, basi tuingie.

Nikasema, "Bwana Ormondroyd, kuna jambo kuhusu ile pai."

Akakaa. Kiti kikalia. Uso ukamwisha rangi, kuanzia masikio. Denise akasimama na sahani tatu mkononi. Mtu fulani nyuma yangu akaacha kutafuna.

"Ilikuwa na kasoro?" akauliza.

Saa ya kanisa ikaanza kugonga saa sita. Nilisema ndiyo. Nilisema kweli, ndiyo, kwa sauti, na wote wakasikia. Nimeivuka mipaka ya Mama na ya bibi zangu wote. Akasubiri. Akaniuliza kasoro gani, binti yangu, niambie tu.

Nikasema pai ilikuwa ndogo.

Baa nzima ikapumua. Alicheka hadi akashika meza. Kuanzia leo Pai ya Hester inakuja kwenye bakuli la kuokea mkate.

Ijumaa, 20 Februari

Safu ya kwanza ya Clemency imetoka jana. Ina picha yake, na amevaa kofia. Nimeisoma mara kadhaa, kwa haki. Ni mbovu. Njegere zimeitwa "za kifalsafa", neno ambalo hana leseni nalo. Farasi wake ametajwa. Mwisho unatangulia kati na mwanzo haupo.

Leo asubuhi tumegongana tena kwa muuza mikate. Akanivuta kando. Niambie ukweli, shoga yangu, akasema, wewe ndiye msomi, nataka ukweli mtupu, sitakasirika. Watu wote kwenye foleni wakageuka.

Nikavuta pumzi. Nikamwambia ni makala bora zaidi niliyowahi kusoma maishani mwangu.

Macho yakamjaa machozi. Akaniuliza kama wanaweza kuyachapa maneno hayo juu ya safu yake wiki ijayo, pamoja na jina langu. Nikasema itakuwa heshima kwangu.

Hakuna neno. Nina mpango. Nimeanza kumwandikia Bwana Lumb barua isiyo na jina kuhusu safu hiyo, kali kupita kiasi, na kesho nitaimalizia Beberu Mpole, pale karibu na moto. Pai siku hizi huja yenyewe bila kuagizwa. Jana ilikuwa imeungua chini. Kesho wakiniuliza, nitawaambia.