Jumatatu na Alhamisi Hatuwindi

Jumamosi, 8 Novemba 2025

Meli nne leo. Zote chini! Alhamdulillahi, kama inafaa kushukuru kwa jambo hili. Sitamuuliza shehe.

Mimi Shuaib, fundi chokaa mstaafu wa mtaa wa Langoni, nikivuka tu kwa mashua hadi Ras Kitau natapika mara mbili. Lakini ndani ya gemu la maharamia ni nahodha, jina langu Kipanga, wa pili katika orodha ya wawindaji. Wa kwanza anajiita Mreno77. Kanizidi meli saba. Msimu unafungwa Ijumaa magharibi: orodha inafutwa, na kila kilichofukiwa visiwani kinafutwa nacho. Mpaka hapo Mreno ashuke.

Nawinda peke yangu tangu Jeilani afariki, mwezi wa tatu huu. Jeilani fundi redio, nyumba ya mkabala. Ndiye aliyeunga mashine mbili za gemu za mtumba, moja kwake, moja kwangu, na kuvusha waya wa mtandao juu ya ujia, dirisha lake hadi langu. Yeye usukani, mimi mizinga. Akaweka sheria: Jumatatu na Alhamisi hatuwindi, tunatembea kuangalia visiwa. Nilivichoka visiwa! Minazi, kasa, minazi.

Sasa hakuna wa kunishika mkono. Nyumba imekuwa kubwa mno.

Hila mpya: nakiandikia chombo “Assalaamu alaykum”. Mtu akisalimiwa hupunguza mwendo. Leo kijimeli chenye bendera nyeupe ya wasiopigana, jina lake Nuru, kimejibu vizuri kabisa na kushusha tanga. Nikakipiga ubavuni.

Jumapili, 9 Novemba

Nuru tena! Safari hii imeshusha tanga kabla hata sijamaliza kuandika. Ikanisogelea yenyewe. Mjinga gani huyu? Mizinga mitatu, kwisha.

Ila spika yangu imeharibika. Kila mzinga nausikia mara mbili, wangu na mwangwi wake. Jeilani angeitengeneza kwa mate na kipande cha waya.

Mreno kanizidi nne.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimejadiliana na nafsi yangu. Sheria ya Jumatatu ilikuwa ya watu wawili. Nimebaki mmoja. Basi ni nusu ya sheria, na nusu ya sheria si sheria. Nafsi imekubali upesi.

Nuru, mara ya tatu. Salamu, jibu, tanga chini, mzinga. Mwangwi ule ule. Kisha mwangwi ukasema, kwa sauti ya mwanamke: “Tima! N'zamile tena!”

Ilitoka dirisha la mkabala.

Nimezima mashine. Nimekaa nyuma ya pazia kama mwizi wa kuku. Ni Bi Kulthum, mjane wa Jeilani. Yumo edani, miezi minne na siku kumi, hatoki nje. Mwanamke aliyezoea kwenda sokoni kila asubuhi amebakiwa na bahari ya kwenye televisheni, na mimi namzamisha humo.

Tena kwa mtandao wake. Waya ni wake!

Jumanne, 11 Novemba

Tima kaja na bakuli la kaimati. Ni mpwa wake Bi Kulthum, humwita mama, mwanamke mzima mwenye ulimi. Nikamuuliza kwa mbali, kama mtu anayeuliza bei ya nazi, iwapo huko kwao kuna mtu anayecheza gemu.

Akaniangalia. “Ami Shuaib, mama anajua Kipanga ni wewe. Marehemu alimwambia kitambo.”

Nikasema spika yangu mbovu, sisikii vizuri. Akaendelea kwa sauti kubwa zaidi. Mara ya kwanza Bi Kulthum alifurahi: Bwana Shuaib kaja kunisindikiza! Ndiyo maana akashusha tanga. Akapigwa. Akasema mkono umemteleza Bwana Shuaib. Mara ya pili akasema macho yake hayaoni. Mara ya tatu aliingia jikoni akapika kaimati.

Nimekula saba tu.

Na liko kubwa zaidi. Kabla hajafa Jeilani alimwambia mkewe kwamba kamfukia kasha katika Kisiwa cha Kaa, akalitoe mwenyewe, aende polepole, atazame njiani. Kila nikimzamisha anarudishwa bandari ya mwanzo. Ijumaa magharibi kasha linafutwa.

Nimempa Tima ahadi: nitamsindikiza, sitapiga hata samaki. Tima kasema mama hana mwingine wa kumwomba, na kwa bahati mbaya ni kweli.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimesindikiza. Mchana kutwa, mzinga hata mmoja! Vidole vyaniwasha.

Bi Kulthum anasimama kila kisiwa. Minazi. Kasa. Nikawa nahesabu meli zinazopita, nono, hazina walinzi. Kisha akasimama kwenye ghuba ndogo ya mawe mekundu, na mimi nikapajua. Hapo Jeilani alikuwa akitia nanga kila Alhamisi, akiweka rimoti chini na kusema hapa pana upepo. Chumbani hamna hata feni. Nilikuwa nikimtukana. Leo nimeweka rimoti chini, na Nuru nayo haikusogea. Nikahisi upepo. Au dirisha lilikuwa wazi.

Magharibi imetukuta bado kisiwa kimoja. Kesho.

Ijumaa, 14 Novemba

Baada ya sala na pilau, tukatweka. Kisiwa cha Kaa kikaonekana. Umbali wa kutema mate!

Na nyuma yetu, Mreno77.

Kanizidi nne, lakini mwenye kumzamisha wa kwanza katika orodha huhesabiwa meli tano. Nikampigia hesabu Jeilani: hata yeye angesema nenda. (Asingesema.) Nikamwandikia Bi Kulthum: “Nisubiri dakika tano.”

Zilikuwa mbili. Mreno kanipiga mlingoti, kanipiga tumbo, kanipeleka chini na kofia yangu. Nikazinduka bandari ya mwanzo, mwisho wa dunia. Nikasikia dirishani vicheko vya Tima, nikajua nimeonekana.

Habari zilizobaki kaja nazo yeye. Mreno aligeukia Nuru. Bi Kulthum akamwandikia salamu. Akajibu: “Waalaykumu salaam.” Mreno gani huyo? Mtu wa Kiunga, pwani yetu hii hii! Bi Kulthum akamweleza kwamba ni mjane, yumo edani, anafuata amana ya mumewe. Yule akafunga mizinga yake, akamtangulia hadi pwani, akafukuza papa, akasubiri mpaka kasha limetoka. Kisha akamwombea marehemu dua na kwenda zake.

Mreno! Kasindikiza yeye!

Ndani ya kasha mlikuwa na taa na barua. Bi Kulthum kaisoma, kafunga dirisha, na Tima hakuambiwa ina nini. Chini yake mlikuwa na bendera nyeupe, na karatasi: “Ya Shuaib. Jumatatu na Alhamisi, mzee wangu. Nimekuachia na usukani.”

Kabla ya magharibi, Nuru ilikuja hadi nilipo, mwisho wa dunia, ikaweka bendera juu ya sitaha yangu. Nililia. Nilimwambia Tima ni vumbi la chokaa. Akasema, “Ami, umestaafu mwaka wa tisa huu.”

Jumamosi, 15 Novemba

Msimu mpya. Nimekuwa mtu mwingine.

Nimetweka bendera ya Jeilani kwenye mlingoti mkubwa. Inapepea, wallahi, utadhani yupo. Nimeapa haitashuka.

Na ina faida ambayo marehemu hakuiona. Chini ya bendera nyeupe watu wanasogea wenyewe! Salamu haina haja tena. Kabla ya adhuhuri nimeshazamisha sita, na leo si Jumatatu wala Alhamisi, kwa hivyo amana ipo palepale. Mreno ana nne. Nimemwombea Jeilani dua mbili kwa kila meli.

Nuru tu ndiyo iliyoniona kwa mbali ikageuza. Sijui ana nini Bi Kulthum. Bendera inaonekana vizuri kabisa.