Ombi la Kufufuliwa Haraka

Rwambuzi, Bunia

Kwa Pasta Evariste, msimamizi wa kundi la filamu la kanisa letu

Mpendwa Pasta,

Nakusalimu katika Bwana, mimi Athanase, mshonaji wa hapa Rwambuzi, niliyekufa katika filamu yako na ambaye hadi leo sijafufuliwa.

Sipingi kazi ya Mungu. Uliposema kwamba vijana wa sasa hawafungui Biblia lakini telefone hawaiachi, na kwa hiyo Habari Njema iwafuate humo humo ndani ya telefone, Amina ya kwanza ilikuwa yangu. Mkanichagua niwe Lazaro kwa sababu nimekonda. Nikakubali. Nilivaa vitambaa vya maziko nilivyovishona mwenyewe, nikalala katika shimo la kuchimbia udongo wa matofali, nikabana pumzi mpaka Marie-Claire, aliyekuwa Marta, akatoa machozi ya kweli. Jiwe likasukumwa, likanifunika. Hapo mvua ikashuka, Jean-Claude akaficha kamera chini ya koti, mkakimbia wote, na mimi nikajitoa kaburini peke yangu.

Ulisema ufufuko tutaupiga juma lijalo. Halafu ukaonyesha sehemu ya kwanza kanisani, nayo ikaenea katika telefone za watu. Pasta, hilo juma lijalo bado linakuja. Kwa heshima zote, pokea malalamiko yangu.

1. Kazi yangu imeharibika. Watu wanakuja kudai vikwembe vyao, vitambaa walivyoniachia nishone, kama vile nimeacha yatima. Mama Bénédicte alinikuta kwenye mashine, mguu ukikanyaga, akamuuliza jirani yangu, "Ule fundi mwenye alikufa, vikwembe vya watu aliachia nani?" Nikajibu mwenyewe, "Mama, niko hapa." Akasema, "Niko naona, baba. Lakini ile robe yangu ni ya ndoa. Sitaki ishonwe na mutu mwenye iko mu kaburi."

2. Kanisani sina tena neno. Jumapili nilisimama kushuhudia jinsi Bwana alivyoniponya malaria. Kanisa zima likacheka. Shemasi Bruno akaniambia kwa upole, "Muzee, ikala kwanza. Utashuhudia siku utatoka."

3. Nyumbani mke wangu Joséphine ameipenda ile filamu kupita kiasi. Kila mgeni lazima aone. "Angalia vile ananyamaza," anawaambia. "Tangu tuoane sijamuona hivi." Nikisema mboga ya sombe haina chumvi, ananijibu kwamba wafu hawaulizi chumvi.

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mtu fulani, Mungu amsamehe, aliikata ile filamu, akaondoa mwanzo wote na maneno ya kwamba itaendelea. Kikabaki kilio na jiwe tu. Kipande hicho kikafika Mahagi kwa kaka yangu Hippolyte.

Labda hujui kwamba mimi na Hippolyte tuligombana siku tulipomzika baba yetu, kwa sababu ya kiwanja chake. Tangu hapo hakuna aliyempigia mwenzake. Kila mmoja alikuwa anangoja mwingine aanze. Basi Hippolyte alipoona jiwe linafunga uso wangu, hakuuliza mtu. Alipanda moto, pikipiki ya abiria, akala vumbi la njia nzima, akaingia kwangu akilia tangu mlangoni: "Athanase, ndugu yangu! Umeenda bila kunisemesha!"

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nakula maharagi. Nikatoka na sahani mkononi. Akanitazama mimi, akatazama sahani, akaketi chini palepale. Nilidhani atanipiga. Akasema, "Weye uko mufu wa namna gani, unakula bila kunawisha wageni?" Tukacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, sijui kilianzia kwa nani. Joséphine alituletea maji sisi wote wawili.

5. Sasa Hippolyte hataki kurudi. Anasema amekuja kuzika, na desturi haimruhusu kuacha maiti bila mwenyewe. Ametengeneza lupango yangu, ua wote wa nyumba, bila kuombwa. Anakoroma kama lori linalopanda mlima. Jioni tunakaa kwenye makaa tukimzungumzia baba, na kila ninachokumbuka ananisahihisha. Majirani amewaeleza jinsi nilivyokuwa naogopa bata. Nguo za watu zimelala, kwa maana sishoni, nasikiliza tu.

Kwa sababu hizo, Pasta, naomba mnifufue juma hili. Kama kamera bado inaumwa kwa ile mvua, tumieni telefone. Kama Fiston, aliyekuwa Yesu, amekwenda zake, tafuteni Yesu mwingine. Kama Yesu hapatikani Bunia nzima, jambo ambalo kwa pasta lingekuwa aibu, basi kanisa linipe cheti chenye muhuri kwamba mimi ni mzima, nikibandike kwenye mashine yangu. Na kama hayo yote ni magumu, nakukumbusha tu kwamba Bwana mwenyewe alimwacha Lazaro siku nne. Wewe umempita Bwana.

Nisalimie Mama Pasta, waimbaji wote, Jean-Claude na kamera yake, na Marie-Claire, aliyenililia vizuri kuliko ninavyotegemea siku yenyewe ikifika. Salamu hata kwa Bruno.

Ni mimi ndugu yako katika Kristo, ninayengoja jiwe liondolewe,

Athanase

N.B. Nilipomaliza nilimsomea Hippolyte barua hii, nikidhani atafurahi. Hakucheka. Aliuliza tu, "Kumbe wakikufufua juma hii, mimi nitarudia Mahagi siku gani?" Akachukua nyundo, akaenda kupigilia mlango wa jikoni, ambao haukuwa na ubaya wowote.

Pasta, ufufuko ni jambo zito, haufai kuharakishwa. Ngojeni mvua hizi ziishe. Zikiisha, ngojeni zile zingine. Barua nimekutumia kwa ajili ya salamu tu. Na lile jiwe, tafadhali, mlikaze.