Mashine ya Mbwa Iliyomaliza Nywele Zangu

Jengo la Tatu, ghorofa ya nne,
Makazi ya Bustani ya Mierezi,
Shanghai.
Aprili, mwaka wa kufungiwa ndani.

Kwa Mheshimiwa Bi Kong Lijuan,
Mwenyekiti wa Kamati ya Wakazi.

YAH: KUNYOLEWA KWANGU KWA MKONO WANGU MWENYEWE, NA HATUA AMBAZO KAMATI INAPASWA KUCHUKUA BILA KUKAWIA

Bi Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekwisha kupimwa, na kabichi hazijakuishia. Mimi ni Yan Guisheng, mshereheshaji wa harusi, na nadhani unanikumbuka, kwani ndimi niliyesimamia sherehe ya binti yako na kumtaja bwana harusi kwa jina sahihi, jambo ambalo lilimshinda mjomba wake. Mimi si mtu wa kulalamika. Mlipotugawia karoti zilizochipua, nilinyamaza. Kipaza sauti chako kilipoanza kutuamsha kabla ya jua, nilinyamaza, na hata nilimsifia mke wangu matamshi yako. Lakini jambo hili la sasa limenifika kichwani, na nasema hivyo bila mafumbo yoyote. Naomba kuorodhesha:

1. Kamati ilitangaza kwamba mahitaji yote ya lazima yatashughulikiwa. Nimeisoma orodha iliyobandikwa kwenye lifti. Mna mchele, mafuta, dawa za presha, nepi, na chakula cha paka. Nywele hazimo.

Unajua vizuri kwamba Kinyozi Bao, anayetunyoa sote, anaishi Jengo la Tano. Yuko salama, amefungiwa kama sisi. Ila mashine na mikasi yake imefungiwa dukani, nje ya geti. Kwa hiyo upande huu wa ukuta tuna kinyozi asiye na mashine, upande ule kuna mashine zisizo na kinyozi, na katikati kuna mlinzi amekaa kwenye kiti cha plastiki. Nilimwendea mlinzi huyo siku ya kupimwa, nikamwomba kwa adabu avuke barabara akazilete. Akavua kofia.

"Mzee Yan, hebu nitazame mimi," akasema. "Hapa nimefunga nywele kwa raba ya kufungia mboga. Ukipata njia, na mimi unistue."

2. Sasa ni lazima nieleze jambo lililokuwa siri, maana limeacha kuwa siri.

Kichwani nilikuwa na shungi. Lilianzia juu ya sikio la kushoto, likavuka utosi mzima, likatua karibu na sikio la kulia, na hapo likashikwa na jeli. Chini yake, Bi Mwenyekiti, palikuwa uwanja mtupu. Lakini wageni wa harusi hawakuwahi kuuona uwanja huo, wala upepo wa mtoni haukuwahi kuufunua. Bao peke yake ndiye aliyejua ramani. Mwezi wa kufungiwa ulipokwenda, nywele za pembeni zikavimba kama mito ya kulalia, na shungi lenyewe, likiwa halina mtu wa kulipunguza, likaanza kudondokea kwenye supu.

Mtauliza, mkeo alikuwa wapi? Alikuwepo. Cuiping wangu mnamjua, ndiye anayeongea sana kwenye foleni. Lakini tangu mageti yafungwe alikuwa haongei. Mama yake yuko ng'ambo ya mto, mzee wa zaidi ya miaka themanini, peke yake ndani ya nyumba. Jirani anamwachia chakula mlangoni, naye hakigusi. Cuiping akimpigia, anaambiwa, "Sina njaa, usipoteze chaji," kisha simu inakatwa. Basi mke wangu alikuwa akishinda dirishani na simu mkononi, akitazama upande wa mto ambao hata hauonekani kutoka kwetu. Nikimsemesha, anajibu "mm."

Naliweka hili kwenye malalamiko kwa sababu moja tu: nilipoamua kujinyoa, hapakuwa na mtu wa kuniambia, "Guisheng, acha."

3. Kifaa. Niliandika kwenye kundi letu la simu kuomba mashine ya kunyolea. Aliyejibu ni Bi Ouyang wa ghorofa ya sita, mwenye kile kijibwa cheupe kiitwacho Tofu. Chupa ya sosi ya soya ikapanda kwa ndoo na kamba, mashine ikashuka. Imeandikwa ubavuni: kwa mbwa wenye manyoya ya kujikunja. Sikujali. Bi Ouyang aliinama kwenye roshani yake akanipigia kelele, "Mzee Yan! Ukifika masikioni usitikisike! Tofu huwa namshika mdomo!"

Nilimpigia Bao kwa video, nikaegemeza simu kwenye chupa ya siki, nikajifunga taulo shingoni.

"Mzee Yan, nisikilize vizuri," akasema Bao. "Anza kulia, pembeni, taratibu. Kushoto usiguse kabisa. Kushoto ndiko kwenye mali."

Nikaanza kulia. Kulia kwangu, ninakolia chakula kila siku. Lakini Bao alikuwa akinitazama uso kwa uso, na kwake yeye kulia kwangu kulionekana kushoto. Akashtuka.

"Sio huko! Upande mwingine! Hamisha, hamisha mzee, upande mwingine!"

Mimi ni mtu wa kuheshimu fundi. Nikahamisha.

Sikusikia maumivu. Nilisikia upepo, mahali ambapo sikuwa nimesikia upepo tangu ujana. Kisha kitu kirefu kikateleza begani, kikaanguka kwenye sinki, kikajikunja kule kama kitu chenye uhai. Nikamtazama Bao. Bao akatazama chini. Kisha akaniuliza kwa sauti ya upole sana, kama daktari:

"Mzee Yan, chai ipo hapo nyumbani? Kunywa kwanza."

Nikaizima mashine. Kushoto palikuwa kama yai, kulia kama brashi ya viatu. Niliona nisiendelee, kwa sababu kuendelea kungekuwa ni kukubali.

4. Suala la kupimwa, ambalo linakuhusu wewe binafsi.

Asubuhi iliyofuata mliita Jengo la Tatu. Nilishuka nimevaa kofia yangu ya baridi, ile yenye masikio ya manyoya, ingawa jua lilikuwa kali na jasho lilinitiririka hadi ndani ya barakoa. Kijana wa kike aliyevaa vazi jeupe akatazama picha ya usajili wa kupimwa kwenye simu yangu, akanitazama mimi, akatazama simu tena.

"Babu, hii ni simu ya nani?"

"Yangu."

"Mbona huyu kwenye picha ana nywele?"

Nikamweleza kwamba mambo hubadilika. Akasema hawezi kumpima mtu asiyefanana na picha yake, nivue kofia na barakoa. Nikasema kofia ni ya dawa. Foleni ikaanza kunung'unika. Hapo ndipo ulipokuja wewe, Bi Mwenyekiti, na kipaza sauti chako.

"Nani anachelewesha watu hapo? Mzee wa Jengo la Tatu, vua kofia!"

Nikavua.

Sikulaumu kwa mshtuko. Mtu yeyote angeshtuka. Ninacholalamikia ni kwamba kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka uliposema, "Mama yangu!"

Makazi yote yalisikia. Madirisha yakafunguka kuanzia Jengo la Kwanza hadi la Tisa. Mtu mmoja Jengo la Saba akagonga sufuria. Bi Ouyang, ambaye mashine ni yake na kwa hiyo alipaswa kuona aibu pamoja nami, akapaza sauti kutoka kwenye foleni: "Jamani! Hata Tofu simnyoi hivyo!"

Kabla kijiti cha kupimia hakijatoka kooni kwangu, picha yangu ilikuwa kwenye kundi. Wewe ndiye uliyeituma, na chini yake ukaandika, "Tuwe na moyo kama Mzee Yan." Watu wakajibu. Mmoja aliuliza kama hiyo ni dawa mpya. Mwingine aliuliza, "Hii tunaagiza kwa pamoja ipungue bei, au kila mtu kivyake?" Na mama mmoja, ambaye harusi ya mwanawe imeahirishwa na ambaye alikuwa ameshaniahidi kazi, aliandika tu: "Kumbe."

Neno hilo moja, Bi Mwenyekiti, linaweza kumaliza kazi ya maisha ya mshereheshaji.

5. Usumbufu wa nyumbani. Nilipanda ngazi, kwani watu walinikataa kwenye lifti kwa kuogopa kucheka na barakoa usoni. Nikaingia ndani, nikaweka kofia mezani. Cuiping aligeuka kutoka dirishani. Akanitazama. Akaja karibu, akatazama upande wa pili. Akazunguka nyuma, akakaa huko kidogo.

Kisha akacheka. Alicheka hadi akakosa pumzi, akakalia gunia la mchele, akapigapiga goti kwa mkono.

Nikamwambia, "Cuiping, hili si jambo la kucheka."

"Najua," akasema. "Najua, baba. Geuka kidogo." Akaendelea.

Jirani aligonga ukuta, si kulalamika bali kuuliza kuna nini. Mke wangu akamweleza kupitia ukutani, maneno mengi, pamoja na vitendo ambavyo jirani hakuweza kuviona. Tangu hapo hajanyamaza. Anasimulia akiosha vyombo, anasimulia akiwa bafuni. Jioni hiyo hiyo akakaanga mayai tuliyokuwa tumeyaficha kwa ajili ya dharura, yote, kwa vitunguu, na kusema anasikia njaa. Sikuweza kumzuia. Siwezi kusema pia kwamba nilijaribu sana. Lakini nataka iingie kwenye kumbukumbu za kamati kwamba mayai ya dharura yameliwa, na chanzo ni nywele.

6. Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Jumamosi ijayo, wakazi wote wa Bustani ya Mierezi, wanaume kwa wanawake, wanyolewe vipara. Ombi hili linaweza kuonekana kali, lakini nimefuata utaratibu wenu wenyewe. Mmoja akikohoa, tunapimwa sote. Mmoja akipatikana, tunafungiwa sote. Basi mmoja akinyolewa, tunyolewe sote.

Zoezi lianze na kamati, ili kuonyesha mfano. Natambua kwamba mawimbi ya nywele zako uliyatengeneza wiki moja tu kabla ya kufungiwa, na yamekaa vizuri mno, na hiyo ndiyo sababu hasa ya kuanza na wewe.

Atakayekataa ahesabiwe kuwa amegusana kwa karibu na nywele, atengwe chumbani mwake, na mlango wake ubandikwe karatasi.

Bao asimame uwanjani na kipaza sauti aelekeze, lakini kwanza kamati imfunge utepe mwekundu mkono wa kulia na kumfanyisha mtihani.

Mashine ya Bi Ouyang itaifishwe, isije ikamwangukia mtu mwingine asiye na hatia. Tofu asamehewe, kwa kuwa yeye tayari kashanyolewa, na kusema kweli kanyolewa vizuri.

Picha yangu iondolewe kwenye kundi, na mahali pake iwekwe ile ya harusi ya binti yako, niliposimama upande wa kushoto wa keki.

Nisipopata jibu kabla ya zoezi lijalo la kupima, nitashuka bila kofia kila siku kwa hiari yangu, na kusimama mbele kabisa ya foleni, karibu na kipaza sauti.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, na vijana wa mavazi meupe, hasa yule wa kike, ambaye alitimiza wajibu wake. Msalimie mlinzi na raba yake. Mpe pole mwenye sufuria wa Jengo la Saba, maana naambiwa imepata tundu. Mke wangu anawasalimu, au angewasalimu kama angeweza kumaliza sentensi.

Ni mimi, mwenye heshima nyingi na nywele chache,

Yan Guisheng
Mshereheshaji

N.B. Bi Mwenyekiti, nilikuwa natafuta gundi ya bahasha mama mkwe alipopiga simu ya video. Cuiping, badala ya kumsalimia, alinigeuzia simu kichwani bila hata kunionya. Kisha mama akauliza, "Huyo ni nani?"

"Ni Guisheng, mama."

"Msogeze." Nikasogezwa. Akavaa miwani. "Hatimaye!" akasema. "Miaka yote hii nakaa naye mezani najiuliza lile shungi linakwenda wapi. Mwambie akilifuga tena asije kwangu."

Akasema nigeuke upande wa brashi. Nikageuka. Akacheka, akakohoa, akacheka tena, na katikati ya kucheka huko tukamwona anavuta bakuli la uji lililokuwa limepoa pembeni yake, akala. Cuiping alinifinya mkono kwa nguvu mno, nina alama hadi sasa.

Kwa hiyo tafadhali futa namba moja hadi sita. Hata zana za Bao zikipatikana, usimruhusu apande kwetu. Mashine isitaifishwe, na mwambie Bi Ouyang naomba kubaki nayo. Picha iacheni ilipo, mama ameomba atumiwe. Nimeagizwa kesho asubuhi nikae mbele ya simu, karibu na dirisha kwenye mwanga, na nianze kupunguza upande wa kulia polepole, kidogo kidogo, kwa kila kijiko mama atakachokula.