Shikanga Ukutani

Siku ya soko Lubao, Titus aliegemea pikipiki yake mpya akitafuta riziki kwa masikio. Ndipo akamsikia Kiprono, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Lugari, akimbembeleza mama mmoja amuuzie fahali wa kupigana. Fahali huyo aliitwa Mheshimiwa, kwa sababu alikula sana na kufanya kazi mara moja moja.

"Siuzi," mama akasema. "Mwenyewe hajasema."

"Mwenyewe yuko wapi tuongee naye?"

"Alikufa mwaka juzi."

Kiprono alikata tamaa. Titus alimshukuru Mungu. Mtu anayengoja neno la marehemu, aliwaza, ni mtu anayeomba aletewe neno hilo, na kusema kwa niaba ya watu wasioweza kukana ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Mjini Kakamega alikuwa na chumba nyuma ya duka la mbegu, na kibao mlangoni: DAKTARI WA MACHO YA NDANI. Elimu yake yote aliipata katika studio ya picha alikofanya kazi miezi minne, mpaka kamera ilipopotea. Huko alijifunza jambo moja. Ukichukua picha ya mtu ukaigeuza, weusi ukawa weupe na weupe ukawa weusi, kisha ukaikazia macho pale puani bila kupepesa, halafu ukatazama ukuta mweupe, utamwona mtu huyo ukutani, sura yake kamili, akielea kidogo kabla ya kufifia. Si uchawi. Ni jicho lililochoka linajidanganya. Lakini nani aliwahi kumpigia magoti daktari wa jicho lililochoka?

Siku hiyo hiyo alipatana na Kiprono, ambaye aliamini kila neno: marehemu akikubali, fahali anapanda lori na Titus anapata fungu lake. Kisha akamwendea mjane, Mama Selpher, kwa sauti ya mchungaji anayeombea mvua, akaazima picha ya marehemu Shikanga ili aiombee siku tatu.

Jumamosi saa sita mchana, sebule ya Selpher ilijaa. Kiprono alikuja na lori na fimbo yake. Majirani walikuja wakiongozwa na Nanjala wa kwaya, ambaye alisema amekuja kukemea tu. Titus akatundika shuka jeupe ukutani, na mbele yao akaweka picha ya Shikanga aliyokwisha kuigeuza, weusi kwa weupe.

"Aliye hai anaweza kuwadanganya," akasema kwa unyenyekevu. "Marehemu hadanganyi. Hana anachotafuta tena duniani. Akisema, ni kutii. Sasa tazameni pua. Hesabuni thelathini, na msipepese."

Wakahesabu, wakainua macho, na Shikanga akawa pale na masharubu yake yote. Watu wakapiga magoti. Kiprono alivua kofia. Nanjala, aliyekuja kukemea, alianzisha wimbo kisha akasahau maneno. Selpher macho yalimjaa machozi. Titus alipoyaona alihisi jambo fulani kifuani, akadhani ni njaa.

Akatetemeka, na sauti nzito ikamtoka: "Selpher. Mheshimiwa aende na huyu mtu wa Lugari."

"Kama ni wewe umerudi, Baba Khalayi," Selpher akasema taratibu, kwa jina alilozoea kumwita mumewe, "huwezi kwenda bila kula."

Obusuma, yaani ugali, ikaletwa, na ingokho, kuku wa heshima, na juu kabisa ya sahani ile firigisi, imondo yenyewe, ambayo mwanamke wa Kiluhya wa rika la Selpher hathubutu kuigusa kwa kuwa ni ya mwenye nyumba. Titus aliijua mila hiyo tangu utotoni, kwa kunyimwa. Akaitwaa kwanza, akaitafuna polepole kwa mamlaka ya mwenye boma, na akaona kazi imekwisha.

Asichokijua ni kwamba kwa miaka thelathini na moja, mlango ukiwa umefungwa, Shikanga alikuwa akiitoa imondo kwenye sahani yake na kumwekea mkewe. Wazee wangejua, wangesema amekaliwa na mwanamke. Selpher alimtazama yule kijana akimeza, machozi yakamkauka, na mahali pake ikaingia hasira ya mtu aliyeibiwa kitu kisichouzwa.

"Nataka kumwona tena," akasema.

Akaikazia pua macho, kisha akatazama shuka. Kichwa kikaitikia mara kadhaa. "Ndiyo, Baba Khalayi. Nitawaambia."

"Anasema nini?" Kiprono akauliza.

"Anasema fahali asitoke hapa mpaka afe na uzee. Na anasema anaumianga sana kuona vile nabeba nyasi na kichwa kutoka mtoni. Ile pikipiki nyeusi iko nje, ibaki, ibebe nyasi ya Mheshimiwa."

Titus alicheka. Alicheka peke yake. "Mama, pengine hukumsikia vizuri. Mimi ndiye huwa nawasikia."

"Wewe ulisema hadanganyi," Nanjala akasema.

"Ukasema akisema ni kutii," akaongeza Kiprono, aliyekuwa ameponyokwa na fahali na hakuona sababu ya kuumia peke yake. Akasimama mlangoni na fimbo yake. "Mimi nimemwona na macho yangu, daktari. Ama sikumwona?"

Hapo Titus akapima. Akisema walimwona, pikipiki imekwenda. Akisema hawakumwona, watu wote wale wangetaka kujua ni nani aliyewapigisha magoti, na fimbo ya Kiprono ilikuwa ya mti mgumu. Ile pikipiki aliipenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu, na ilimuuma hasa. Akatoa ufunguo.

"Ulimwona," akasema.

Majirani wakatoka kwenda kuiangalia pikipiki. Titus akaokota ile picha aifunge, lakini Selpher akaweka mkono juu yake.

"Hiyo niachie."

Titus akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Mama, hii ni karatasi tu. Si yeye. Ni macho yanachoka."

"Najua ni macho. Niachie tu."

Akaiacha. Alikuwa amefika kizingitini mama alipomwita tena.

"Nihesabu mpaka ngapi?"

"Thelathini."

"Na akipotea?"

"Tazama pua tena, mama. Unaanza upya."

Selpher akavuta kiti, akaketi. Titus akamwachia na shuka pia, akashika njia ya Lubao kwa miguu.