Mkono Wangu na Kakao ya Ambilikile

Jumatatu, 12 Mei 2025
Nimeshtuka! Leo muuguzi Felista katufundisha kanisani hapa Ikolo habari za ubongo. Kumbe ninaponusa ugoro si mimi ninayeamua. Ubongo umejichongea njia, na kila nikinusa njia inapanuka. Miaka ishirini na mbili! Humo kichwani sasa ni barabara ya lami. Felista kasema tabia haing'oki hivi hivi, inapewa mbadala. Mchungaji kaongeza, huku akiniangalia mimi, kwamba Jumapili atatangaza mzee wa kanisa mpya na hataki mtu wa ugoro. Tumebaki wawili: mimi na jirani yangu Ambilikile, ambaye hanusi chochote. Mtu wa ajabu sana.

Jumanne, 13 Mei
Kopo la ugoro nimelitupa chooni. Mbadala: kakao! Mkono ukitaka kwenda puani, naupa punje moja kutoka kwenye mkeka wetu wa kuanikia. Chungu! Lakini kufika punje ya kumi, raha imepanda mpaka utosini. Mke wangu Atupele kamwambia Mungu ndaga fijo, asante sana, pua ya Sylvester imepona. Ambilikile kwisha habari yake.

Alhamisi, 15 Mei
Jamani! Atupele kauliza ni panya gani huyu anayekula kakao mchana kweupe. Nusu ya mkeka haipo. Nimeapa sijui. Nikajikuta natafuna huku naapa! Mkono ulikwenda wenyewe, haki ya Mungu. Atupele kaanua kakao yote, kaifungia chumbani, ufunguo kaficha anakojua yeye. Nimetetemeka mpaka jioni. Sikujua nyumba yangu ina ukatili wa namna hii.

Jumamosi, 17 Mei
Aibu. Nilitoka kwenda kuangalia mpunga. Miguu ikakata kona kwa Ambilikile, kwenye mkeka wake. Mkewe, Doreen, kanikuta nimepiga magoti, mashavu yamejaa. Nikasema nasali. Akaitwa Ambilikile, akaniangalia meno, akasema tangu azaliwe hajaona sala inayotafunwa. Nikamweleza mambo ya ubongo, kwa kirefu. Akasema sawa, anaupeleka ubongo huo kwa mchungaji, na mimi nikipenda niufuate.

Jumapili, 18 Mei
Mzee wa kanisa ni Ambilikile. Vigelegele! Na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni Atupele. Mchungaji kanivuta pembeni, kasema ugoro angeuvumilia, lakini wizi! Nimeumia. Nimelia nyuma ya kanisa, mtu mzima na suti yangu. Felista kanikuta huko, kanipa pole, kasema ubongo hufundishika, cha msingi nikae mbali na kishawishi. Binti wa juzi huyu, anajua nini? Utajifunzaje kukataa kitu usichokiona? Kesho asubuhi napita kwa Ambilikile, taratibu, kandokando ya mkeka, niuzoeshe ubongo kupita bila kuchukua. Koti nimeshaliandaa, lile lenye mifuko minne.